Altezza si uhuni, tuwaulize vijana habari za breki

Mhariri,

Naomba nafasi katika ukurasa wako wa barua nizungumzie magari ya spoti ya mtumba, haya Toyota Altezza, Subaru na wenzake, ambayo sasa yamejaa Mbeya kuanzia Uyole hadi Mbalizi. Kila ajali inapotokea, watu wazima wenzangu husema maneno yale yale: hayo ni magari ya wahuni, yapigwe marufuku. Mimi nina miaka 61. Nimeendesha malori ya mizigo kati ya Dar es Salaam na Tunduma kwa miaka 24, na leo gari ninaloendesha ni Altezza. Si la mwanangu. Ni langu, na kadi ina jina langu.

Nalipenda gari hili na sioni haya kulisema. Aliyekaa nusu ya maisha yake kwenye kichwa cha lori, akipanda Kitonga kwa gia nzito na tani thelathini mgongoni, atanielewa nikisema kwamba siku ya kwanza nilipolipandisha kutoka Uyole kwenda Isyonje nilisimama pembeni ya barabara, nikazima, nikakaa kimya. Steling inaitika hapo hapo. Gia ni sita, za mkono, na kila moja ukiiingiza unaisikia kiganjani. Magurudumu ya nyuma ndiyo yanayosukuma, kama lori, hivyo miguu yangu haikuwa na jipya la kujifunza. Nilililipia shilingi milioni tisa na nusu, fedha ambazo wengine hapa mjini wananunulia gari dogo la Toyota IST.

Kulipata kulinichukua miezi miwili. La kwanza nililopelekwa na dalali lilikuwa jekundu, limeng'arishwa mpaka unajiona usoni. Nilikuwa nimemwambia mwenye gari asiliwashe kabla sijafika. Nilifika saa kumi na mbili na nusu asubuhi, mwezi wa Juni, baridi ile yetu ya kukata masikio, majani yamepiga jalidi. Nikaweka kiganja juu ya boneti. Lilikuwa la uvuguvugu. Mtu anayepasha injini moto alfajiri kabla mnunuzi hajafika anaficha jinsi inavyowaka ikiwa ya baridi, na pengine anaficha moshi wa bluu wa injini inayokula oili. Nikamshukuru, nikarudi nyumbani.

La pili lilikuwa na nembo ya RS200 nyuma, na bei ilipangwa kwa nembo hiyo. Hapa nawaomba vijana wasome polepole. Altezza zilizoanza kuuzwa Japani mwaka 1998 zilikuwa za aina mbili kuu. RS200 ina injini ya 3S-GE yenye silinda nne, ambayo kiwandani ilitajwa kutoa nguvu za farasi 210 kwa ile ya gia za mkono. AS200 ina injini ya 1G-FE yenye silinda sita, farasi 160. Zote mbili ni cc 2000 kasoro kidogo, kwa hiyo ukisoma ujazo wa injini kwenye kadi huwezi kuzitofautisha kirahisi. Lakini namba ya chesisi haidanganyi: RS200 inaanza na SXE10, AS200 inaanza na GXE10. Kwenye kadi ya gari lile niliona GXE10. Nilipomwonyesha dalali, akasema, "Mzee, nembo nililikuta nayo." Inawezekana kabisa. Ila kijana asiyejua angelipa zaidi ya milioni moja kwa kipande cha plastiki kilichobandikwa na gundi. Na si kwamba AS200 ni gari baya. Ni tulivu na injini yake ni ngumu. Ulipie tu bei yake.

La tatu ndilo langu. Namba C, yaani namba ya usajili ya herufi C, rangi ya fedha, rangi imefifia juu, kiti cha dereva kimechanika ubavuni. Mwenyewe alikuwa fundi umeme wa Iyunga aliyekuwa nalo miaka saba. Lilikuwa la baridi kama jiwe la mtoni, likawaka kwa mkupuo mmoja. Nilifungua kifuniko cha oili sikuona ute mweupe unaoonyesha kwamba maji yameingia kwenye oili. Niliangalia deni la faini za trafiki kwa namba ya gari, kwa sababu deni linafuata gari na si dereva aliyepigwa tochi ya mwendokasi. Tukaenda kuhamisha umiliki siku hiyo hiyo, maana kununua gari halafu ukatembea na kadi yenye jina la mwingine ni kujitafutia kesi.

Sasa nifike kwenye jambo lililonifanya nishike kalamu. Altezza ya mwisho ilitoka kiwandani mwaka 2005. Hakuna Altezza changa. Kila mpira ndani yake, kila bushi, kila hozi ya breki imezeeka, hata kama bodi inang'aa. Kwa hiyo bei unayomlipa mwenye gari ni sehemu tu ya bei ya gari. Mimi baada ya zile milioni tisa na nusu nilikuwa nimetenga milioni mbili na laki nne, na sikuzigusa kwa kitu kingine chochote. Tairi nne mpya, laki saba na ishirini. Diski na pedi za mbele, pedi za nyuma, hozi nne na mafuta mapya ya breki. Mkanda wa taimingi na pampu ya maji, kwa sababu injini hii ukikatika mkanda wake, vavu hugonga pistoni na hasara yake ni injini nzima. Shokapu za mbele na boljointi. Rimu nilizolinunua nazo ndizo hizo hizo mpaka leo. Ekzosi ni ya kiwandani, na ukipita dirishani kwangu saa nne usiku mtoto haamki.

Mtaani kwetu kuna kijana, nimemjua tangu anabebwa mgongoni. Mwaka jana alinunua Altezza, AS200 ya kijivu. Wazazi wake hawakutaka kulisikia gari hilo. Baba yake alimwambia asiliingize getini, kijana akawa analilaza kwa rafiki. Kwa kuwa nyumbani hapakuwa na wa kuzungumza naye habari za gari, alizungumza na vijana wenzake, na wakamshauri wanayoyajua: rimu za inchi kumi na nane, ekzosi ya kupiga kelele, na gari likae chini. Kwenye gereji moja, ambayo siitaji, walimkatia springi kwa jiwe la umeme la kukatia chuma ili gari lishuke. Alitumia milioni moja na laki mbili. Breki hakuzigusa.

Alitoka Uyole kwenda Tukuyu Jumapili mchana na wenzake watatu. Barabara ile wenyeji wanaijua: inapanda mpaka Isyonje kwenye ukungu, kisha inateremka na kuteremka, kona juu ya kona, viazi huku na migomba kule, mpaka Kiwira. Aliteremka gia ikiwa kwenye D, mguu juu ya breki njia nzima. Kabla ya kufika chini pedali ikazama mpaka sakafuni. Alilitupa gari kwenye tuta la shamba la viazi. Mungu ni mwema, wote wako hai. Mmoja alivunjika mfupa wa bega.

Nilikwenda kulivuta gari lile na rafiki yangu mwenye lori. Nililivua gurudumu la mbele mwenyewe, pale pale shambani, kijana amesimama nyuma yangu. Pedi ilikuwa imekwisha, kimebaki chuma chake cha mgongoni, na diski imechimbika mifereji unayoweza kulaza ukucha ndani yake. Mafuta ya breki yalikuwa meusi kama chai ya rangi iliyolala. Mafuta hayo hunywa unyevu wa hewani mwaka hadi mwaka. Ya aina ya DOT 4 yakiwa mapya hayachemki kabla ya nyuzi 230 za Selsiasi. Yakishakunywa maji yanaweza kuchemka kwenye nyuzi 155 tu, na mteremko mrefu unazifikia hizo bila shida. Yakichemka yanatoa mapovu, na ukikanyaga unabana mapovu badala ya kubana pedi. Kisha nikamwonyesha tairi. Meno yalikuwa mengi, kila mtu angesema tairi zima. Ubavuni imeandikwa 1213, maana yake juma la 12 la mwaka 2013. Mpira wake ulikuwa mgumu kama kwato. Tairi ile iliuzwa pamoja na rimu, kwa hiyo alilipia fedha nzuri kununua hatari.

Kuna jambo jingine la huku kwetu ambalo vijana hawaambiwi. Mbeya iko mita 1,700 hivi juu ya bahari, na barabara ya Chunya inapanda zaidi ya hapo. Injini isiyo na tabo (turbo, ile ya kusukuma hewa ya ziada ndani ya injini) hupoteza takribani asilimia moja ya nguvu kwa kila mita 100 unazopanda, kwa sababu hewa ni nyepesi. Zile farasi 210 za RS200 hapa kwetu zinabaki kama 175. Kijana anaona gari halivuti kama alivyoambiwa, anakwenda kutafuta nguvu kwa ekzosi na vichujio vya hewa, fedha zinaisha. Wakati huo uzito wa gari kwenye mteremko haupungui hata kilo moja. Sisi wa malori tulifundishwa kuteremka mlima kwa gia ile ile ambayo ungeupandia, na injini ndiyo ikushike. Altezza ya otomatiki nayo ina gia za chini. Zimewekwa kwa kazi hiyo.

Mhariri, ndiyo maana siungani na wanaotaka magari haya yafukuzwe barabarani. Kijana yule angenunua IST na kuiacha bila pedi, mlima ule ungemfanya vile vile. Kilichomfikisha shambani ni kwamba alilinunua kwa kujificha. Ninawaomba wazazi wa Mbeya, Njombe na Iringa, kote kwenye milima: mwanao akija na gari lililokaa chini, usimfungie geti. Toka nje na tochi, mwambie avue gurudumu moja mkiwa wawili, muulize pedi zimebaki unene gani na tairi ni za mwaka gani. Na gazeti lako, ambalo vijana wanalisoma sana kwenye kurasa za michezo, lingetusaidia kwa kutenga hata robo ukurasa kwa juma, mafundi wa kweli waeleze namna ya kukagua gari la mtumba kabla ya kutoa fedha. Mimi nipo tayari kuandika ya breki bila malipo.

Gari la kijana bado liko juu ya mawe, ila sasa liko ndani ya geti la baba yake. Springi za kiwandani tumezipata Mwanjelwa, za gari lililochinjwa, na ile ekzosi ameiuza akapata diski mbili. Jumamosi hii tunazifunga. Baba yake amesema atashika taa.

Dereva mstaafu wa malori,
Uyole, Mbeya.