Barua kwa mwanangu anayetaka kuchoma mswada wake

Tanga

Mwanangu,

Assalaam aleikum warahmatullahi wabarakatuh. Sisi huku hatujambo, ukiondoa goti langu la kushoto na bati la jikoni, ambalo tangu mvua za vuli zianze linanilazimisha kutega sufuria mbili kila usiku. Ningeweza kukupigia simu, lakini nikikupigia huwa unaitikia "ndiyo, mama" kwa kila neno mpaka muda wa maongezi unakwisha na mimi sijui umekubali nini. Kwa hiyo nimekaa mezani na kalamu na karatasi za mistari, kama nilivyokuwa nikifanya andalio la somo, ili ukifika mahali usipopapenda usiweze kunikatia.

Jumapili, baada ya isha, mkeo alinipigia. Usimwulize kwa nini alifanya hivyo, kwa maana mke anayemwona mumewe hali chakula cha usiku siku ya nne ana haki ya kumwambia mkwewe. Alisema umezitoa kaunta buku zote tatu chini ya kitanda pamoja na ile nakala iliyochapwa, ukazifunga kwa kamba ya katani, ukaziweka uani kando ya jiko la mkaa, na kwamba alipokuuliza ulimjibu kuwa hadithi ni uongo na kwamba anayebuni watu wasiokuwepo ataulizwa habari zao Siku ya Kiyama. Hukuzichoma usiku huo kwa sababu mkaa ulikuwa umelowa. Basi naishukuru mvua, hata hii inayonivujia. Usizichome, mwanangu. Nitalirudia neno hili mara kadhaa, nawe utanivumilia, kwani mimi nimevumilia watoto sabini katika darasa moja nikirudia nao jedwali la saba mwaka mzima.

Kama ungekuwa mtu wa kuziogopa hadithi tangu zamani, ningenyamaza nikakuachia wewe na Mola wako. Lakini umeandika kwa miaka sita, na katika miaka hiyo sikukusikia hata siku moja ukisema ni uongo. Uliandika Ramadhani baada ya tarawehe, uliandika usiku wa kuamkia Idi wageni wakiwa sebuleni, na mara moja uliniambia kwamba kwako wewe kuandika ni ibada, nami nikakukemea, nikakwambia ibada ni ibada na riwaya ni riwaya. Kisha mchapishaji akakaa na mswada wako miezi kumi, akakuletea barua ya mistari mitatu ambayo haionyeshi hata kama kuna mtu aliyeufungua, na wiki ile ile ndipo riwaya ikawa dhambi. Mistari ile mitatu hakuiandika Mwenyezi Mungu, basi usimsingizie. Umeumia, na mtu akiumia aseme ameumia, asilifunike donda lake kwa msala.

Nimeambiwa pia kwamba unamsomea mkeo aya za mwisho za Surat Ash-Shu'araa, zile zinazosema kwamba washairi hufuatwa na wapotovu, kwamba hutangatanga katika kila bonde na husema wasiyoyatenda. Ni kweli zimo, ni aya ya 224 hadi ya 226. Lakini sura ile ina aya 227, na hiyo ya mwisho inaanza kwa "isipokuwa", ikawatoa walioamini, wakatenda mema na wakamkumbuka Mwenyezi Mungu kwa wingi. Wewe uliyehitimu msahafu chuoni kabla hujafika darasa la sita, na baba yako akachinja mbuzi kwa furaha ambayo hatukuwa na uwezo nayo, huwezi kuniambia kwamba hukuifikia. Uliufunga msahafu aya moja kabla ya mwisho kwa sababu hapo ndipo ulipopata ulichokuwa ukikitafuta.

Na huo uongo unaousema, baba yako angeucheka. Mungu amrehemu, hakuwa mtu wa kukosa sala ya jamaa, na usiku wa Ramadhani, kati ya tarawehe na daku, alikaa barazani akawasimulia watu wazima wenye ndevu visa vya Abunuwasi, na hakuna hata mmoja aliyekwenda nyumbani kwake akiamini kwamba sufuria ilizaa. Alikuwa akisema paukwa, nao wakiitikia pakawa, na hapo wote walikuwa wamekwisha kupatana ni mlango gani unafunguliwa. Mwongo ni yule anayekuficha mlango huo, kama aliyemuuzia mjomba wako kiwanja chenye wenyewe. Wewe kitabu chako kitaandikwa "riwaya" juu ya jalada, na hiyo ndiyo paukwa yako. Mimi si mwanachuoni, nilifundisha hesabu na Kiswahili, na kama shaka yako ni ya kweli nenda kwa sheikh umwulize. Ila nenda baada ya wiki mbili tatu, ukiwa umekula ukashiba, na ukimweleza habari ya washairi umweleze pia habari ya mchapishaji.

Istikhara uliyoiswali nayo umeitwisha mzigo usio wake. Ni rakaa mbili na dua ya kumwomba Mola akuchagulie lenye kheri nawe. Haikuwekwa ili kumletea mtu barua ya kuthibitishwa kazini. Wewe ulitaka uambiwe usingizini kwamba unajua kuandika, na ulipoamka bila kuambiwa ukalihesabu hilo kuwa jibu. Kuhusu alfajiri mkeo hakusema kitu, lakini nimezaa na kulea, najua: mtu anayesinzia juu ya daftari saa kumi usiku, adhana inampita. Hapo nakulaumu bila kukuonea haya. Kama kweli unaogopa kwamba riwaya inakutoa katika dini, anza kurekebisha hapo kabla hujafika jikoni na kiberiti. Lala saa nne, amka saa kumi, andika, adhana ikikukuta uinuke uswali, kisha uandike tena mpaka mtoto aamke. Ukurasa mmoja kwa asubuhi moja unatosha, na huo ni bora kuliko kurasa kumi za usiku ambazo kesho yake zinakufanya umjibu mkeo kwa ukali.

Kazi usiiache. Najua mwaka juzi nilipokukataza kuacha uhasibu ulisema mama hana imani na mimi, na maneno hayo yalinifikia. Imani nilikuwa nayo. Nisichokuwa na imani nacho ni kodi ya nyumba ya miezi sita inayodaiwa kwa mkupuo. Shaaban Robert, aliyezaliwa mwaka 1909 pale Vibambani na kuzikwa Machui, kwenye kaburi ambalo nimewapeleka wanafunzi mara mbili kwa miguu, aliitumikia serikali kama karani kwa miaka mingi ya maisha yake, naye alikuwa Mwislamu kama wewe. Na Abdulrazak Gurnah, ambaye Oktoba 2021 alipopewa Tuzo ya Nobeli ulinipigia simu ukilia kana kwamba ni mjomba wako aliyerudi kutoka safari, alifundisha chuo kikuu huko Uingereza mpaka akastaafu, na riwaya yake ya kwanza ilitoka mwaka 1987, naye anakaribia miaka 40. Wewe una 34. Sikuambii utakuwa kama wao, kwa sababu sijui, wala huhitaji kuwa kama wao. Nakuambia kwamba barua moja ya mistari mitatu ni kidogo mno kuwa sababu ya moto.

Nimesimama kidogo kugeuza bagia. Ndiyo, bado nakaanga, ingawa dada yako amenikataza kwa sababu ya moshi, na unga wa dengu umepanda bei mpaka nachanganya na wa kunde, jambo ambalo wateja wamelitambua lakini kwa adabu hawalisemi. Tangu mifuko ya plastiki ipigwe marufuku Juni 2019, karatasi imepata heshima yake tena. Magazeti ya zamani nanunua kwa kilo.

Kuhusu lile daftari lako la kidato cha pili, ambalo ulilitafuta mpaka chini ya godoro langu, nilikwambia huenda limebebwa na wazoa taka. Halikubebwa. Nililiona juu ya kabati la vyombo, nikalisoma lote nimesimama. Ndani yake mlikuwa na mwanamke mwalimu aliyeuza bagia jioni nje ya shule anayofundisha, na mtoto wake akiwa na wenzake huvuka barabara na kupita upande wa pili ili asije akaitwa. Ulikuwa umeandika mpaka namna ninavyojipangusa vidole kwenye pindo la kanga, kimoja kimoja, kabla ya kuhesabu chenji. Nilikuwa sijui kwamba ninafanya hivyo. Niliujua upande wa pili wa barabara, kwa sababu nilikuwa nikikuona, lakini sikuwa nikijua kwamba wewe unajua kwamba ninakuona. Kwa hiyo usiniambie mimi kwamba hadithi zako ni uongo, maana kama yangekuwa ya uongo yale yasingeniuma.

Wakati huo karatasi zilikuwa za shida, nilikuwa na deni dukani, na mtu akiwa na deni haangalii anachana nini. Nilifungia bagia siku tatu. Siku ya tatu mpagazi mmoja wa bandarini, mtu mzima, alirudi na karatasi yake ameikunja mfukoni, mafuta yamepita mpaka wino umekuwa wa kahawia, akaniuliza kama yule mtoto aliyevuka barabara alirudi kwa mama yake au hakurudi. Nikamjibu sijui. Akanunua bagia za shilingi mia mbili na kuomba nimfungie kwa karatasi inayofuata. Ilikuwa imekwisha kwenda na mteja mwingine. Akapekua zile chache zilizobaki, moja moja, akiinama chini ya kibatari, kisha akaniaga kwa heshima akaenda zake. Mwisho wa hadithi nilikuwa nimekwisha kuusoma, na ningeweza kumwambia kwa sentensi moja. Sikumwambia. Na wewe pia sikukwambia, miaka 19, kwamba una msomaji aliyewahi kutoa pesa.

Basi usizichome. Sijasoma hata ukurasa mmoja wa hiyo riwaya, na nimekisia kwa nini hujanionyesha. Kama nimo, acha niwemo, hata kama si vizuri. Macho yangu bado yanasoma, nina miwani mpya, na jioni zangu ni ndefu tangu mjukuu arudi kwenu. Nitasoma kama mwalimu, kwa kalamu nyekundu, na mahali palipo pabaya nitaandika pabaya, kwa hiyo usinitumie ukitaka kusifiwa. Tangu ukiwa mdogo unaandika sentensi ndefu mno na unasahau nukta, na tabia hiyo sidhani kama umeiacha.

Mambo ya nyumbani ni haya. Fundi ameangalia bati, anasema yanatakiwa manne na mbao mbili, lakini usitume pesa mwezi huu kama kodi haijakamilika. Nitaendelea na sufuria. Mnazi wa nyuma umeanguka, kwa bahati ukaangukia upande wa choo cha zamani ambacho hakina mtu. Dada yako anataka kufanya hitima ya baba yenu kabla ya Ramadhani, na amekuandikia ujumbe ambao hukuujibu, mjibu leo. Mkeo mwombe radhi kwa zile siku nne za kususia chakula chake, maana pilau lililolala halimuumizi mchapishaji. Mtoto mfundishe kusoma wewe mwenyewe, usimwachie simu.

Ukifika Jumamosi, nenda stendi ya Magufuli, Mbezi, uwape mzigo watu wa basi la asubuhi la Tanga, na uandike namba yangu ya simu juu yake kwa maandishi makubwa. Nitamtuma kijana wa bodaboda aupokee stendi ya huku, Kange. Hiyo kamba ya katani iache, lakini juu yake zungushia nailoni mara mbili, kwa sababu huku mvua haijakatika. Zihesabu kabla ya kufunga: kaunta buku tatu na nakala iliyochapwa. Sanduku la baba yako nimekwisha kulitoa nguo, nimeliweka chumbani kwangu, upande usiovuja, na magazeti ya kufungia nimenunua kilo tano, yatanifikisha mpaka baada ya Idi.

Wasalaam,
Mama yako