Shoga, hiyo homa usiivumilie

Shoga yangu, za huko? Nimesoma meseji yako, eti mkojo unaunguza na usiku homa inapanda ila unasubiri tu tarehe ya kliniki manake mama mkwe kasema mimba ndo zilivyo. Hapana, nenda kesho asubuhi kapime mkojo, na malaria wapime hapo hapo.

Ngoja nkwambie kwa nini nang'ang'ania. Sisi tunaogopa kijidudu kisimfikie mtoto, kumbe hata kisipomfikia, mwili wako ukipambana nacho unamwaga kemikali za kinga kwenye damu, moja inaitwa intalukini 6, na huko kupambana kwa mwili ndo kunaitwa inflamesheni, sasa ikizidi au ikikaa muda mrefu inaweza kuchokoza kondo la nyuma mpaka seli za kinga zilizomo kwenye ubongo wa mtoto, na hizo seli ndo zinasaidia kupanga nyaya zake sa hivi unapojengwa. Kuna utafiti wa Marekani ulitoka 2018, wa Oregon na California, walipima damu za wamama 84 mwanzoni, katikati na mwishoni mwa ujauzito, watoto walipofika kama wiki nne wakapigwa picha ya ubongo kwa mashine ya MRI wakiwa wamelala zao tu, alafu walipofika miaka miwili wakapimwa kumbukumbu. Kiwango cha ile kemikali kwa mama kilikuwa kinaendana na jinsi sehemu za ubongo wa kichanga zinavyowasiliana, na ambao mama zao walikuwa nayo nyingi walielekea kupata maksi za chini kwenye kumbukumbu, ile ya kushika kitu kichwani muda mfupi ukitumie. Mimi hapo kwenye kichanga wa wiki nne ndo nilishtuka, yani hajafundishwa chochote na mtu!

Sasa usianze kulia, sio kwamba mama akiumwa basi mtoto kaharibika, wengi sana wanakuwa wazima kabisa. Ila UTI inatibika, antibayotiki za mjamzito zipo, kwa nini uteseke nayo wiki mbili?

Na SP, zile dawa za kumkinga mjamzito na malaria, umeanza kumeza? Zinatakiwa dozi tatu au zaidi mpaka ujifungue. Duka la dawa wakikupa diklofenaki ya maumivu kataa, waambie una mimba ya miezi sita.

Kama nauli imekwama sema tu nakurushia kwa simu sa hivi. Majibu yakitoka nipigie, hata nikiwa kazini ntapokea.