Kwa nini tunausoma mfumo wako kabla ya kuuongezea kitu

Wateja wetu wengi hapa Kigoma huja na ombi fupi: "Niongezeeni ripoti moja tu." Sisi mafundi wa programu tunaomba kwanza muda wa kuusoma mfumo wenyewe, yaani programu ya biashara yao, na baadhi yao huona tunawachelewesha bure. Ni haki yako kujua muda huo unaulipia nini.

Programu yoyote, iwe ya duka la mawese Mwanga au ya mfanyabiashara wa dagaa Kibirizi, imejaa vipande vidogo vya msimbo (maagizo yaliyoandikwa kwa kompyuta) vinavyojirudia. Ni mistari mitatu minne tu: kagua kama bei imejazwa, pitia orodha ujumlishe, kokotoa kodi, panga tarehe. Kujirudia si kasoro. Mwaka 2005 watafiti Joseph Gil na Itay Maman waliorodhesha ruwaza ndogo 27, yaani mitindo inayojirudia, za klasi (mafungu ya msimbo yanayounda programu) katika lugha ya programu ya Java, wakaona kwamba takriban klasi tatu kati ya nne walizozichunguza zina angalau ruwaza moja kati ya hizo. Waandishi wa programu hurudia njia zilizozoeleka kwa sababu zinafanya kazi, na fundi anayekuja baadaye huzitambua upesi.

Tunachokitafuta ni kipande kilichonakiliwa hapa na pale, kisha kikarekebishwa sehemu moja na kusahauliwa nyingine.

Chukua VAT ya 18%. Umeuza bidhaa kwa shilingi 11,800, kodi ikiwa ndani. Hesabu sahihi ni kugawa kwa 118 na kuzidisha kwa 18, unapata 1,800. Aliyeandika ripoti ya mwezi akichukua 18% ya 11,800 yote, anapata 2,124. Shilingi 324 zimezidi kwenye risiti moja, na risiti za mwezi mzima ni nyingi. Skrini ya mauzo inasema hivi, ripoti inasema vile, na wa kwanza kutiliwa shaka ni keshia. Hilo linatuuma sana, kwa sababu binti wa watu anaweza kufukuzwa kazi kwa kosa lililo kwenye mstari mmoja wa msimbo.

Namba za simu nazo zina yake. Dirisha la mauzo linapokea namba inayoanza na 0, daftari la madeni linataka 255, na sehemu ya kutuma ujumbe inaweka alama ya kujumlisha mbele. Kila sehemu ina kipande chake cha kusafisha namba, na havifanani. Basi mama aliyekopa dumu la mawese anasomeka kama wateja wawili: kwa namba moja amelipa, kwa namba ileile iliyoandikwa tofauti bado anadaiwa na anatumiwa ujumbe wa kukumbushwa deni. Mteja wa namna hiyo ukimkosea heshima, harudi.

Tukivipata vipande hivyo, tunaviweka mahali pamoja na kuvipa jina linaloeleweka, kisha sehemu zote za mfumo zinakiita kipande hicho kimoja. Tunakijaribu kwa hesabu ambazo jibu lake tunalijua tayari. Kiwango cha kodi kikibadilika, tunagusa sehemu moja.

Hatuunganishi kila kinachofanana, lakini. Punguzo la 10% la mnunuzi wa jumla na kamisheni ya 10% ya wakala zinakokotolewa sawasawa leo. Kesho ukipandisha kamisheni, punguzo halipaswi kufuata. Hapo tunakuuliza wewe mwenye biashara, maana msimbo hauwezi kutuambia.

Ukija, njoo na msimbo wote pamoja na nakala ya data. Kama mfumo ulitengenezwa na mtu mwingine, mwombe vitu hivyo mapema. Beba pia risiti mbili tatu ambazo hesabu zake unazitilia shaka, tutaanza kusoma kuanzia hapo.