Biira, pesa za vitabu situmi

Biira mdogo wangu,

Salamu nyingi kwako na kwa Mama. Mimi mzima, joto la Doha ndio hilo hilo, tuliache. Meseji yako ya laki tatu na themanini za vitabu vya unesi nimeiona, kabla hata sijajibu Baba Mdogo akanipigia eti tangu nipande ndege nimekuwa bahili. Bahili! Mabati ya nyumba ya Mama alinunua nani?

Sasa sikiliza, sikunyimi. Ingia OpenStax, tovuti ya vitabu ya chuo kikuu cha Rice kule Marekani, kile cha Anatomy and Physiology kipo kizima bure, na vya unesi vipo, famakolojia, uzazi, hawakuulizi kadi ya benki. Daunlodi PDF ukiwa kwenye waifai ya chuo maana faili ni nzito itakumalizia MB zote, na ukitaka kurasa za mtihani toa kopi tu, leseni yao inaruhusu. Internet Archive pia, maktaba ya mtandaoni, wapo tangu 1996, unafungua akaunti ya bure unaazima vitabu, vingi wanakupa saa moja, ikiisha unaazima tena kama hajakiwahi mwingine. Project Gutenberg ni tamu kwa hadithi ila unesi usisomee huko, karibu vyote ni vya zamani ambavyo hakimiliki imeisha, utampa mgonjwa dawa za enzi za mkoloni! Makala za utafiti wa afya tafuta PubMed Central, zipo bure, halafu muulize mkutubi wenu kama chuo kimejisajili Hinari, ile huduma ya majarida na vitabu vya afya ya WHO, Shirika la Afya Duniani, maana ile huingii peke yako, ni chuo kinaingia.

Unadhani nimeokota wapi haya? Mnaniona askari wa geti tu, lakini Principles of Accounting ya OpenStax, kile kitabu cha uhasibu, nimeimaliza kwenye simu zamu za usiku, na leo ripoti za zamu nzima naandika mimi, hata wale Wanepali wananiita bosi.

Halafu hili mpe Mama Mdogo asome kwanza, Baba Mdogo baadaye. Kuna tovuti inaitwa ULII, wanaweka sheria za Uganda na hukumu za korti bure. Sheria ya Ardhi ya 1998 imo, na ardhi ambayo familia inaishi au inapata chakula chake, mume hauzi bila mke kukubali, wala mke bila mume. Sasa lile shamba la kahawa kule juu analouza Baba Mdogo, Mama Mdogo amekubali lini? Ndio maana Baba Mdogo ananiita bahili, anajua nasoma.

Kahawa zimeiva? Huku nakunywa ya kikopo, chungu bure. Jana nimeota bundu, ugali wetu wa muhogo, na samaki wa Kayanzi nikaamka na hasira.

Ijumaa natuma elfu hamsini, thelathini za bando yako, ishirini sukari ya Mama. Baluku akisema ni za pikipiki yake mwambie anipigie mwenyewe.

Kaka yako,
Bwambale