Siku ya kwenda Misali: barua kwa mwanangu

Mwanangu Khamis,

Assalaam alaykum. Nimepata habari kuwa unawaleta wenzako wa kazini Pemba na mnataka kushinda kutwa kisiwani Misali, na kwamba mmechagua Jumamosi kwa sababu ndiyo nafasi yenu. Kabla hujalipa boti, tazama kwanza mwezi umeandama lini.

Tarehe 1 hadi 3 na 15 hadi 17 za mwezi wa Kiislamu ni bamvua, yaani maji hujaa na kukauka kupita kawaida. Maji hujaa kama saa kumi alfajiri na saa kumi alasiri, na hukauka kama saa nne asubuhi, saa ile ile mnayotaka kushuka. Kati ya kujaa na kukauka tofauti hufika karibu mita 4. Mwamba utakuwa nje, boti itasimama mbali, na wageni watakanyaga matumbawe: watayavunja, nayo yatawakata. Mkondo nao siku hizo una nguvu.

Chagua maji mafu, tarehe 8 hadi 10 au 22 hadi 24. Maji hujaa kati ya saa nne na saa sita mchana, hayatoki mbali, na mtaogelea karibu na mchanga. Kujaa husogea mbele kwa wastani wa dakika 50 kila siku, kwa hiyo ukijua ya leo utahesabu ya keshokutwa. Kwa msimu, nafuu ni tanga mbili, pepo zinapobadilika, Oktoba na Novemba, ingawa mvua za vuli huweza kupita. Juni hadi Agosti kusi huchafua bahari, hasa mchana. Ikibidi, ondokeni bandari ya Wesha mara baada ya swala ya alfajiri.

Boti ikaguliwe ikiwa bado pwani. Hesabu majaketi ya kujiokolea, kila mtu lake, na watoto yawaenee. Uone upo, chombo cha kutolea maji yanayoingia botini, nanga, na petroli ya kwenda na kurudi na ziada. Mwambie nahodha nanga aitie kwenye mchanga, asiitupe juu ya matumbawe.

Misali haina maji baridi, yaani yasiyo na chumvi. Bebeni lita 4 kwa kila mtu. Udhu wa maji ya bahari unasihi, kwa hiyo yale ya kunywa yasiguswe. Wali wa nazi uacheni nyumbani. Kwenye joto lile huchacha kabla ya adhuhuri. Boflo, samaki wa kukaanga, muhogo wa kuchoma na ndizi vinastahimili.

Kila mtu avae yeboyebo zenye mkanda wa nyuma, maana ndala hubaki mchangani. Majini waburure miguu, wasiinyanyue, ili taa, yule samaki bapa mwenye mwiba mkiani, asikie na kukimbia. Akichomwa mtu na taa, au na samaki yule anayefanana na jiwe, mguu uingie katika maji ya moto kadiri anavyoweza kuvumilia bila kuungua, nusu saa au zaidi, kisha hospitali Chake Chake. Sumu hiyo hudhoofishwa na joto, ndiyo maana chupa ya maji moto isikosekane. Na kombe lenye umbo la pia, yaani koni, lisiokotwe hata likipendeza: mnyama wake akiwa hai huchoma, na sumu yake huua.

Waogelee wawili wawili, waanze kwa kupanda mkondo ili wakichoka uwarudishe. Pale maji yanapogeuka buluu nzito mwamba umekatika ghafla, na asiye mzoefu asivuke.

Hili la mwisho nakusihi kama baba. Kasa hupanda Misali kutaga, na mayai hukaa ndani ya mchanga kama miezi 2. Msiwashe moto wala kuchimba sehemu ya juu ya ufuko. Mashimo ya watoto yafukiwe kabla ya kuondoka, kwani kasa wachanga wakitumbukia hawatoki. Kaa wa nazi wasishikwe. Walinzi wa hifadhi wakikuelekeza upande usioruhusiwa kuvua, watii bila kubishana. Samaki wanaotushibisha huzaliana humo. Takataka zote zirudi Wesha, na vizibo vya chupa pia.

Niletee tarehe ya mwezi mtakayokubaliana, nami nitaongea na nahodha.

Baba yako