Marafa iwekewe njia kabla ya vuli

Mhariri,

Naomba nafasi katika ukurasa wako nizungumzie Marafa, lile korongo la mchanga mwekundu huko Magarini, Kaunti ya Kilifi, ambalo wengi wetu hapa Mombasa tumezoea kuliita Hell's Kitchen na Wagiriama wenyewe huliita Nyari. Ombi langu ni moja. Korongo lile liwekewe njia za miguu zenye alama, na asiteremke mtu yeyote bila mwongozaji wa pale kijijini. Lifanyike mwaka huu, kabla ya mvua za vuli na kabla ya wageni wa Desemba.

Mimi ni mwalimu wa jiografia, na hupeleka wanafunzi Marafa kila shule inapopata gari. Katika pwani yetu sijaona mahali panapofundisha mmomonyoko wa udongo vizuri kama pale. Ukisimama ukingoni unaona tabaka jeupe, la waridi, la rangi ya chungwa, na wekundu mzito unaotokana na chuma kilichoshika kutu ndani ya mchanga. Wanajiolojia huuita mchanga wa Magarini. Kwa mbali, nguzo za mchanga zilizosimama mle zinaonekana kama mwamba wa kudumu milele. Ukiziegemea, kiganja kinatoka chekundu na punje zinamiminika ndani ya mkono wa shati. Ni mchanga ulioshikana kidogo tu. Maji na upepo ndivyo vilivyouchonga, na bado vinauchonga.

Njia ya kuteremkia ipo, na waongozaji wanaijua vyema. Taabu huanza watu wakishafika chini, au wale wanaokwepa waongozaji na kushuka popote wanapopenda. Kijana mmoja anapanda juu ya kigongo chembamba apigwe picha. Wa pili anafuata nyayo zake, na wa tatu pia. Jioni ikifika pameshakuwa na mfereji wenye upana wa kiatu, unaoshuka moja kwa moja badala ya kuzunguka mteremko. Mvua ya kwanza ikinyesha, maji yaliyokuwa yakitawanyika yanakusanyika humo na kuuchimba. Msimu unaofuata pale pale pana ufa unaomeza mguu hadi gotini, na kigongo kimeanza kugawanyika. Kuna ukuta mmoja wa waridi ambao wageni wameuchonga majina yao, nadhani kwa funguo. Niliwasimamisha wanafunzi mbele yake waone jinsi maji yalivyochagua mkia wa herufi moja na kuufanya kijito kinachofika hadi chini ya ukuta.

Najua mmomonyoko ndio uliozaa Marafa, na hakuna anayetaka kuuzuia. Lakini mvua ina mwendo wake. Viatu vyetu vinauharakisha mwendo huo bila sababu yoyote, na kigongo kikishaporomoka hakuna fundi wa kukirudisha.

Upande wa pili ni uhai wa watu, na hapa sitaki kupunguza maneno. Jiwe la mchanga hupoteza nguvu likilowa. Huko Red Rock Canyon karibu na Las Vegas, Marekani, wapanda miamba huambiwa wasubiri siku moja hadi tatu baada ya mvua kabla ya kushika ukuta, na jiwe la kule ni gumu mara nyingi kuliko letu. Sisi tunawaruhusu watoto wa shule kupanda vigongo vya Marafa asubuhi baada ya mvua ya usiku.

Kisha kuna mafuriko ya ghafla. Tarehe 12 Agosti 1997 watalii 11 walikufa ndani ya Antelope Canyon, korongo jembamba la mawe mekundu katika ardhi ya Wanavajo, kabila la wenyeji wa asili wa Marekani, jimbo la Arizona. Pale walipokuwa wamesimama mvua ilikuwa haba. Dhoruba ilinyesha kilomita kadhaa juu yao, maji yakaja kwa kasi, na ngazi za kutokea zikasombwa. Wala hatuna haja ya kwenda Arizona. Katika korongo la Hell's Gate, Naivasha, vijana saba wa kundi la kanisa walichukuliwa na maji Aprili 2012. Septemba 2019 watu wengine saba wakafa katika korongo hilo hilo, na ndipo likafungwa kwa watalii. Miaka saba ilipita kati ya misiba hiyo miwili. Marafa haina mto mkubwa, lakini mvua ikinyesha, maji ya ukingoni hayana kwingine pa kwenda isipokuwa mle chini wanamopita watu.

Wanavajo walichofanya baada ya 1997 ndicho ninachotaka tukiangalie. Ngazi mpya za chuma zilifungwa kwenye mwamba, na hadi leo hakuna anayeingia Antelope bila mwongozaji. Korongo likawa salama zaidi, na fedha za kiingilio na uongozaji zikabaki kwa wenye ardhi. Vijana wa Marafa wanaoongoza wageni wanastahili hivyo hivyo. Wao ndio wanaojua ni ukuta gani umelegea tangu masika, na ndio wanaosimulia habari za ukoo tajiri uliooga maziwa ya ng'ombe hadi Mungu akaudidimiza mji wao, ndiyo maana kuta zina weupe wa maziwa na wekundu wa damu. Mgeni anayeteremka peke yake haambulii lolote kati ya hayo.

Jambo jingine linatuhusu sisi wa Mombasa moja kwa moja. Safari za siku moja zinazouzwa hapa mjini zimepangwa vibaya. Gari linaondoka alfajiri, linapitia Gedi, magofu ya mji wa kale ambayo UNESCO iliiingiza katika orodha ya Urithi wa Dunia mwaka 2024, kisha Malindi kwenye nguzo ya Vasco da Gama na chakula cha mchana, halafu Marafa saa nane jua likiwaka. Mle chini hakuna kivuli wala upepo, na kuta zenyewe zinatoa joto. Huko Grand Canyon, korongo kubwa la Marekani, wakati wa kiangazi, watembeaji hushauriwa wasiwe njiani kati ya saa nne asubuhi na saa kumi jioni. Nimekutana na mama mmoja mtu mzima amekaa chini ya ukuta, midomo imekauka, dereva wake akiwa juu garini na chupa zote za maji. Mwongozaji aliyekuwa na wanafunzi wangu ndiye aliyempa maji na kumpandisha polepole. Kampuni za safari zianze na Marafa saa moja asubuhi, wageni wakilala Malindi, au zifike saa kumi jioni ambapo rangi za kuta huwa ndizo zinazopendeza kuliko wakati wowote. Gedi ina miti mikubwa na kivuli. Hiyo ndiyo ya kwenda mchana.

Kwa Serikali ya Kaunti ya Kilifi, sioni gharama ya kutisha. Kinachotakiwa ni vigingi vya mbao vilivyopakwa rangi kuonyesha njia moja ya kuzunguka chini na nyingine ya ukingoni, kamba katika vigongo vinne au vitano vilivyo hatarini zaidi, vidato vya magogo penye mteremko mkali ili watu wasiteleze na kutanua njia, na ubao mkubwa langoni wenye maneno ya Kiswahili na Kigiriama pia, maana wageni wengi wa wikendi ni watu wa hapa hapa. Waongozaji wapewe mamlaka ya kufunga korongo mvua inaponyesha na siku inayofuata, na neno lao liheshimiwe hata kama mgeni ametoka mbali na amelipa.

Wazee wa Marafa na waongozaji waitwe kwanza waonyeshe njia zipite wapi, kabla mhandisi hajashika ramani. Vuli huanza Oktoba. Naomba idara ya utalii ya kaunti itujibu kupitia ukurasa huu vigingi vitasimama lini.

Mwalimu wa jiografia,
Tudor, Mombasa