Anayeliliwa si mpenzi, ni kaka

Ndugu Mhariri,

Jumapili iliyopita ukurasa wenu wa burudani ulitoa orodha ya nyimbo za Kijapani mlizoziita "za kuachwa", na wa kwanza kabisa ukawa "Nada Sōsō". Mwandishi alitafsiri mistari michache, kisha akatuambia kuwa humo binti anamlilia mpenzi aliyemkimbia. Naomba nafasi nisahihishe. Anayeliliwa mle hakumkimbia mtu. Alikufa. Wala hakuwa mpenzi wa yeyote humo, alikuwa kaka wa mtunzi wa maneno.

Mimi si msomi wa Kijapani. Ni fundi redio za magari hapa mtaa wa Gerezani, Dar es Salaam, huu mwaka wa ishirini na mbili. Riziki yangu inatokana na jambo dogo sana: redio nyingi za magari ya Japani zimetengenezwa kushika FM kuanzia 76 hadi 90, na sisi tunatangaza kuanzia 87.5 hadi 108. Gari likishuka bandarini linakuwa kama kiziwi, mwenyewe analileta nimfungie ekspanda, kidude cha kuifanya redio hiyo ishike stesheni zetu. Na wengi huniuliza papo hapo, fundi, yule mama anayeongea kila nikiwasha gari anataka nini? Anataka kadi ya kulipia barabara za kasi za kwao. Miaka yote hii anaomba kadi na hapa hakuna wa kumpa.

Pamoja na yule mama, magari huja na vilivyosahauliwa: vijifuko vya hirizi kiooni, risiti za petroli, mwavuli chini ya kiti, na CD. Mwaka 2011 ilikuja Noah ambayo CD yake ilikwama ndani, haitoki. Nikaivuta kwa plaizi. Ilikuwa ya kurekodiwa nyumbani, juu imeandikwa kwa kalamu ya wino mzito, maandishi ambayo kwangu yalikuwa michoro tu. Mwenye gari akasema tupa. Sikutupa.

Hapo itabidi niseme yangu. Mwaka huo nilikuwa na mchumba. Barua ya posa ilishajibiwa, nusu ya mahari ilishatoka. Siku moja mshenga wangu akaja karakana na bahasha, akaniwekea juu ya meza katikati ya nyaya, hakukaa hata kunywa soda. Zilikuwa hela zangu, kamili. Binti alikuwa ameolewa Kahama.

Wimbo wa tatu katika CD ile ulianza na mlio wa nyuzi ambao nilidhani ni gambusi. Halafu mwanamke, sauti safi, hapazi, haringi, anaimba kama mtu anayeongea na nafsi yake huku akikunja nguo. Sikuelewa neno hata moja. Nilimlilia mchumba wangu kwa wimbo huo miezi minne, jioni, milango ya karakana ikiwa imerudishiwa nusu. Kijana wangu wa kazi alijua saa hiyo asiniulize bei ya kitu.

Kisha akaja mteja Mjapani, mwalimu wa kujitolea aliyekuwa akifundisha hisabati sekondari moja mkoani. Kiswahili chake kilikuwa kizuri, ila adabu yake ilizidi kipimo: alimwamkia shikamoo mpaka yule kijana wangu, mwenye miaka kumi na saba. Wimbo ulipoanza akasimama. Akaniuliza, "Fundi, wewe unamlilia nani?" Nikamwambia mchumba. "Amefariki? Pole sana." Nikamwambia hapana, yuko Kahama. Mhariri, yule dada alicheka mpaka akakalia tairi. Alipomaliza kucheka akaomba samahani, akaanza kunieleza.

Wimbo wenyewe ndio huo "Nada Sōsō". Maneno yaliandikwa na mwimbaji Ryoko Moriyama. Tuni ilitoka kwa kundi la Begin, vijana wa kisiwa cha Ishigaki huko Okinawa, kusini kabisa, karibu zaidi na Taiwan kuliko Tokyo. Walimpa tuni ikiwa tayari na jina, nalo ni la lugha ya kwao: Wajapani wengine machozi huyaita "namida", Okinawa ni "nada". Alipoambiwa maana yake ni machozi yanayodondoka, Moriyama akamkumbuka kaka yake aliyefariki angali kijana. Aliurekodi mwaka 1998. Uliovuma sana ni ule wa Rimi Natsukawa wa mwaka 2001, naye pia mzaliwa wa Ishigaki. Na kile nilichodhani gambusi ni sanshin, ya nyuzi tatu, iliyowambwa ngozi ya chatu. Nilimuuliza hayo machozi yanatoka vipi, chururu? Akagonga meza kwa kidole, taratibu: ndo, ndo, ndo. Sisi wenyewe tuna msemo kwamba chururu si ndo ndo ndo, nikamwelewa mara moja.

Sasa sikilizeni kosa linapozaliwa. Katika wimbo mzima hakuna neno "kaka". Marehemu anaitwa "wewe" tu. Kuna mtu anafunua albamu kuukuu ya picha na kunong'ona asante. Kuna nyota ya kwanza ya jioni ambayo amezoea kuiomba. Kuna pale anaposema kwamba ikiwa huko uliko unaniona, basi ipo siku tutaonana. Nawauliza, nani anamwomba nyota mwanamume aliyehamia kwa mwanamke mwingine mtaa wa pili? Wangu alikuwa Kahama, nauli ya basi naijua. Hata mimi nisiyejua Kijapani ningeambiwa mstari huo mmoja, ningenyamaza siku ileile.

Yule mwalimu alinieleza pia kuwa Kijapani kinaweza kusema "kutaka kuonana" kikaishia hapo. Nani anamtaka nani, msikilizaji atajaza. Kiswahili hakituruhusu kuacha wazi kiasi hicho, lazima tutie ni- na -ku-, tuseme "nataka kukuona". Haya, tumeshapoteza kidogo. Lakini tungesimama hapo. Mwandishi wenu hakusimama, akaongeza "mpenzi wangu" ambaye hayumo, na mlango ukafungwa. Tunalo neno "mpendwa". Msibani tunasema mpendwa wetu, na kwenye barua ya mapenzi pia linakaa bila mtu kushangaa. Linambeba kaka, mama, mke na yule aliyekwenda Kahama.

Na si wimbo huo tu. "Lemon" wa Kenshi Yonezu mmeuita wa tunda chungu la mapenzi. Ulitungwa kwa ajili ya tamthilia ya televisheni ya mwaka 2018 kuhusu wataalamu wanaochunguza maiti ili kujua chanzo cha kifo, na babu yake Yonezu alifariki akiwa katikati ya kuutunga. Tena mle kuna mahaba kweli, sikatai, lakini mtu akiusikiliza bila yule babu amesikiliza nusu.

Wenzetu wa Ulaya na Marekani walifanya vibaya zaidi. Kyu Sakamoto aliimba mwaka 1961 wimbo wa mtu anayetembea usiku peke yake huku ameangalia juu, machozi yasimwagike, na katikati anapiga mluzi. Mwandishi wa maneno, Rokusuke Ei, inaelezwa aliyapata akirudi nyumbani kutoka kwenye maandamano ya kupinga mkataba wa usalama kati ya Japani na Marekani, maandamano yaliyoshindwa. Waliouza santuri Uingereza waliona jina la Kijapani linawashinda kutamka, wakaupachika "Sukiyaki", kwa kuwa hilo walikuwa wamelisikia. Sukiyaki ni nyama ya ng'ombe iliyokatwa nyembamba, inapikwa mezani na mboga katika mchuzi wa soya wenye sukari. Ndani ya wimbo hakuna nyama wala sufuria. Kwa jina hilohilo ukakaa namba moja Marekani wiki tatu, Juni 1963. Sakamoto alikufa kwenye ajali ya ndege ya Agosti 12, 1985, iliyoua watu 520, na mpaka leo wapo wanaomkumbuka kwa jina la chakula.

Najua nitajibiwa kwamba wimbo ni wa anayeusikiliza, amlilie amtakaye. Nakubali, mimi ndiye wa mwisho wa kumkataza mtu. Yule mwalimu mwenyewe aliniambia hata Japani wengi huuimba "Nada Sōsō" kwa ajili ya mtu aliyewaacha, kwenye vyumba vya karaoke, wakiwa wameshakunywa. Ila mlevi wa karaoke anajiimbia mwenyewe. Gazeti linawasomea watu ambao hawana njia nyingine ya kujua, na wengine wanakata kipande wanatunza. Msichana mmoja jirani yetu hapa, mama wa chakula anamwita mwanangu ingawa si wake, amemzika kaka yake Machi mwaka huu. Anasikiliza sana nyimbo hizo kwenye simu. Nilimwona na ukurasa wenu mkononi, na sikupenda alichokuwa anakisoma.

Kwa hiyo naomba mchapishe masahihisho, hata yakiwa ya mistari mitatu, lakini kwenye ukurasa uleule na siku ileile ya Jumapili, msiyafiche karibu na matangazo ya viwanja. Na mwandishi wenu akitaka kuusikia wimbo wenyewe, afike Gerezani aulizie fundi wa ekspanda, nitamwekea. Avumilie tu, unaruka kidogo mwanzoni, ni ile plaizi yangu.

Fundi Redio,
Gerezani, Dar es Salaam